Chumba cha Juu

Mjomba wangu ni fundi mwashi. Miaka thelathini amewapandishia watu ghorofa, akiwapunja saruji bila haya. Kodi ilipomshinda bintiye, alimjengea chumba juu ya nyumba yake mwenyewe, na safari hii saruji hakuipunja hata kijiko.

Akaja bwana mipango wa manispaa. "Mzee, mtaa huu ni wa nyumba za chini tu. Bomoa mwenyewe, au nilete tingatinga lizoe yote."

Siku ya tatu ya kubomoa, nyundo ya mjomba ilikuwa bado inadunda ukutani.

"Ungetujengea na sisi hivyo!" jirani akacheka.

Binti akafunga virago. "Baba, pumzika. Nitapanga chumba cha bei nafuu kule mwisho, basi linakogeuzia."

"Haya, shuka, mama. Hiyo sakafu uliyoikanyaga ndiyo inayofuata."