Kamba Isiyojua Kuelea

Ndugu yangu wa mwisho alinipigia simu asubuhi ya Ijumaa. Nilikuwa nimekaa nje ya nyumba yetu kijijini Tabaka, mikono ndani ya beseni, nikipiga msasa tumbo la chombo cha maua cha jiwe la sabuni. Wanaume huchonga, sisi wanawake tunalainisha. Jiwe letu hulainishwa likiwa majini, na kwa ndani huwezi kuona unachofanya. Unaingiza mkono, vidole vinakuambia palipo na mkwaruzo. Nilipangusa mkono mmoja kwenye sketi nikapokea.

"Baba," akasema.

Mgeni akitusikia anaweza kushangaa. Katika lugha yetu ya Ekegusii, baba ni mama. Mzazi wa kiume ni tata. Tata alitangulia kufa, kisha baba akamfuata kabla hatujazoea, na huyu wa mwisho alikuwa bado anavaa viatu mguu huu kwa ule. Mimi ndiye mkubwa wao. Niliacha shule nikiwa darasa la saba, nikakaa kwenye beseni ambalo mama alikuwa ameliacha. Hakuna aliyemwambia huyu mtoto aniite baba. Alianza mwenyewe, siku moja, akiomba uji. Alipokwenda sekondari ya bweni wenzake wa kutoka mbali wakamcheka kwamba ana baba anayevaa sketi, akageuza akaniita sister. Sikumlaumu, na nilizoea. Kwa hiyo neno hilo lilipotoka kwenye simu, nilijua kuna jambo.

"Nini kimeharibika?"

"Hakuna kilichoharibika. Boti imevuta kamba."

Alikuwa dereva wa boti ziwani, kwenye hoteli ndogo ya mfanyabiashara mmoja wa Nyamira mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Kisii. Alikuwa bado kwenye miezi ya kujaribiwa. Boti yenyewe ni ya jeti. Haina panga linalozunguka nje kama boti nyingine; ina mdomo chini ya tumbo, inanyonya maji kwa mdomo huo na kuyatema kwa nguvu nyuma, ndipo inakwenda. Siku mbili kabla ya simu hiyo alikuwa akivuta mtumbwi wa wavuvi ulioishiwa na mafuta. Karibu na ufuo akapunguza mwendo, kamba ikalegea. Alidhani injini ikiwa haisukumi basi imepumzika. Kumbe jeti hata ikisimama inaendelea kunywa. Kamba ikazama, ikaingia chini ya boti, mdomo ukaivuta, na injini ikazimika kama mtu aliyekabwa.

Neno letu la Kiswahili ni hilo moja tu: kuvuta. Unavuta mtumbwi, boti inavuta maji, kamba ya kuvutia ikavutwa. Nilipoelewa hivyo nilitaka kucheka, lakini yeye hakuwa anacheka.

"Mzee anasema wageni wake wanakuja Jumapili. Isipotoka leo, atampa kazi shemeji yake."

"Leo mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jua likitua. Ni Msabato."

Hilo halikuhitaji maelezo. Jua likitua Ijumaa, katika boma la Msabato hakuna anayeshika spana, na Jumamosi yote ni hivyo. Kwetu tunasali Jumapili, lakini nimeishi na majirani Wasabato maisha yangu yote.

"Sasa si uikate?"

Nilisikia kuku nyuma yake.

"Njoo tu, baba. Tuko nyumbani kwa mzee."

Niliweka kisu cha kuchongea kwenye mkoba, kile kidogo kilichopinda ncha, nikamwomba jirani atazame ng'ombe.

Boti haikuwa ziwani. Mwenye boti hamwamini fundi asiyemwona, kwa hiyo kila kinachoharibika hukiburuta kwa trela mpaka nyumbani kwake. Niliikuta Nyamira, nyeupe, imekaa juu ya trela kando ya shamba la majani chai, pua yake imeelekea mlimani. Wachumaji waliokuwa wakipita na vikapu mgongoni walikuwa wameifanya kituo cha kupumzikia.

"Mvua ikizidi tutapeleka majani kiwandani kwa hiyo," mmoja akasema.

"Kwanza uitoe kamba kooni," mwenzake akamjibu. "Ina kwikwi."

Mwenye boti alitoka kunilaki. Ni mtu wetu, tuliamkiana kwa Ekegusii vizuri, lakini alipofika kwenye habari ya boti akaingia Kiswahili, kama ambavyo watu wengi hapa hufanya wakitaka jambo liwe la kazi.

"Dada, mimi sina ubaya na kijana wako. Ajali ni ajali. Lakini ana kisu mkononi tangu jana na hakati. Anavuta kidogo, anaangalia, anavuta tena. Mtu wa namna hiyo nitampaje wageni wangu?"

"Wewe umejaribu?"

Alinyoosha mkono wake mbele yangu, akacheka kidogo ingawa hakutaka. "Mkono huu umejaa ugali. Hauingii."

Ndugu yangu alikuwa amelala chali chini ya boti, juu ya gunia. Niliona viatu vyake kwanza. Nikalala kando yake. Mdomo wa boti ulikuwa juu ya nyuso zetu, umezibwa kwa fito za chuma zilizopangwa kama meno, na kati ya fito mbili kamba ilikuwa imening'inia. Mwisho wake ulikuwa na fundo kubwa lililozungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Fundo hilo nililijua kabla sijaligusa.

Tata alikuwa mchimba mawe. Kamba ile ndiyo aliyovutia mawe kutoka shimoni, na mpira aliuzungusha mwenyewe ili mikono isiteleze wakati wa mvua. Alipokufa, ilibaki imetundikwa ukutani na vumbi la mawe ndani ya nyuzi zake. Ilitoa ng'ombe wetu kwenye mtaro. Ilitoa pikapu ya mapadri kwenye tope, watu wakaimba. Tulipokuwa wadogo, mtu akileta kamba mpya ya dukani tuliishika huku na huku, tukaivuta, tukasema si kama ya tata. Ndugu yangu alipopata kazi ziwani niliitumia kufunga godoro lake, na nilipoifunga nilimwambia asiirudishe, aitumie.

"Ulijua ni hii?" nikamwuliza kwa Ekegusii, chini kwa chini.

"Niliifunga mwenyewe kwenye boti. Ile ya njano ya boti ilikuwa imeanza kufumuka. Nikaona hii ni ngumu kuliko hiyo."

"Ndiyo maana hukati."

"Nimejaribu kuitoa nzima. Nazungusha shafti, huu mhimili wa jeti, kwa mkono kinyume, inalegea, halafu inashika tena. Imejiviringa ndani, nyingine imeyeyuka."

"Ungeniambia kwenye simu."

"Ningekuambia ungesema kata." Alikuwa akitazama juu, kwenye fito. "Nilitaka useme ukiiona."

Nililala pale nikiitazama. Sisemi kwamba lilikuwa jambo dogo. Katika nyumba yetu vitu vya tata vilivyobaki vilikuwa vichache, na vingi nilikuwa nimevitoa kimoja kimoja kwa sababu za shule na hospitali bila kumwuliza mtu. Kila mara nilijiambia kwamba wadogo hawaoni. Huyu alikuwa ameona. Aliogopa kuwa yeye ndiye atakayemaliza cha mwisho. Alikuwa tayari kupoteza kazi kwa ajili ya kitu ambacho mimi nilikitumia kufungia godoro.

"Nipe nafasi," nikamwambia. "Wewe kashike shafti huko juu. Umetoa ufunguo wa injini?"

"Uko mfukoni mwa mzee."

"Basi zungusha kinyume nikikuambia. Pole pole."

Nilikata kwanza kile kipande kilichoning'inia, juu tu ya fundo. Nilikata upesi, nisikae nikifikiri. Kisha nikaingiza mkono kati ya fito. Ulipita, lakini kwa kukwaruzwa. Ndani kulikuwa na giza, nikafumba macho kabisa, kwa maana yalikuwa yananisumbua bure. Vidole vikapata shafti, vikapata kamba imejizungusha juu yake mzunguko juu ya mzunguko, iliyobana kama ngozi ya ngoma. Mahali pengine nyuzi zilikuwa bado nyuzi. Mahali pengine joto lilikuwa limezigeuza kitu kigumu, laini juu, kama jiwe lililokwisha kupigwa msasa.

Jiwe letu ukilikazania linapasuka. Hufundishwi hivyo kwa maneno. Unapasua chombo cha mtu, unajua. Basi sikuikazania. Niliparua ngozi nyembamba, nikaivuta nje, nikaparua nyingine. "Zungusha." Shafti ikasogea kidogo. "Acha." Nikaparua tena. Mwenye boti alikuja akachutama na kumulika kwa simu yake, ingawa mwanga haukunisaidia chochote, na sikumwambia.

Akaokota kipande kimoja cha kamba, akakitazama, akaenda kukitumbukiza kwenye ndoo ya maji iliyokuwa kando ya trela.

"Njooni muone," akasema.

Nilitoa mkono, nikainuka. Kipande kilikuwa kimelala chini kabisa ya ndoo.

"Ile ya njano inaelea," akamwambia ndugu yangu, na sauti yake haikuwa tena ya hasira. "Ikilegea, inabaki juu ya maji, unaiona, jeti haiifikii. Hii ni ngumu, ni kweli. Lakini inazama."

Ndugu yangu aliinama juu ya ndoo. Nami niliinama. Sisi ni watu wa milimani. Tangu tuzaliwe tumepima kamba kwa jambo moja tu, kama itakatika. Katika miaka yote ambayo tumeisifu kamba ile, hakuna aliyewahi kuuliza kama inaelea, kwa sababu shimo la mawe halikuuliza.

"Hukuniambia, mzee," ndugu yangu akasema.

"Sikukuambia," mwenye boti akakubali. "Mimi pia niliambiwa na mvuvi."

Tukarudi kazini. Jikoni harufu ya chakula cha Sabato ilikuwa imeanza. Mke wa mwenye boti alikuwa akipika vya Jumamosi mapema, watoto wakiitwa mmoja mmoja kuoga, nguo za kanisani zikipigwa pasi barazani. Kila kitu katika boma lile kilikuwa kinaelekea kusimama, isipokuwa sisi.

"Baba watoto, jua!" mkewe akaita.

"Bado liko juu ya mikaratusi!"

"Limeshika matawi!"

"Matawi si kutua!"

Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi. Ndugu yangu alisema kutoka juu, "Pumzika, nitajaribu mimi," nami nikamwambia ashike shafti yake. Kipande cha mwisho kilikuwa kile kigumu. Kilikuwa kimeshika shafti kama pete. Nilikikata upande mmoja mpaka kisu kikagusa chuma, nikaona hakitoki, nikakata upande wa pili. "Zungusha." Kikapasuka katikati, nusu ikaniangukia shingoni.

"Inazunguka!" akapiga kelele. "Baba, inazunguka!"

Mwenye boti alipanda akaizungusha kwa mkono wake mwenyewe, mbele na nyuma, akisikiliza. Kisha akaja akapitisha vidole kwenye fito, mbali kadiri mkono ule wa ugali ulivyoweza kufika. Jua lilikuwa limeingia kabisa kwenye mikaratusi.

"Hatuwezi kuiwasha bila maji," akasema. "Tutajua Jumapili ziwani. Ikisukuma, kazi ni yako. Ikikataa, tusilaumiane." Akatazama magharibi, akafuta mikono. "Basi. Imetosha. Ingieni mle chakula."

Tulilala pale. Asubuhi walikwenda kanisani, nami nikarudi Tabaka kabla ya misa ya kesho yake. Ndugu yangu alitaka kuniwekea vipande vyote kwenye gunia. Nilichukua lile fundo la mpira peke yake. Vingine nilimwambia avitupe, na alivitupa, nikimwangalia.

Jumapili baada ya misa sikwenda popote. Nilikaa na simu karibu na beseni, sifanyi kazi. Ilipolia, nilisikia upepo, halafu watu wengi wakiongea kwa furaha.

"Baba, imevuta maji tu," akasema. "Maji peke yake. Mzee amenipa ufunguo nikae nao."

Nikamwambia, "Vizuri." Kabla hajakata nikasikia mgeni mmoja akimwuliza, kwa Kiswahili cha Nairobi, kama baba yake yuko salama.

"Yuko salama," ndugu yangu akamjibu. "Ako nyumbani."