Unga wa Mwenye Maji

Nilikuwa na miaka tisa, katikati ya miaka ya hamsini, mvua zile zilizopandisha Ziwa Mweru hadi kwenye vibanda vya wavuvi hapa Nchelenge. Kazi yangu ilikuwa kukata matete ya mikeka ya kuanikia chisense, vile vidagaa vyetu. Kabla ya kukata, ilikuwa lazima umtupie mwenye maji, mzimu wa ziwa, konzi ya unga na kupiga makofi. Kambo, ndivyo tunavyoita bibi, yule wetu aliyeolewa huku kutoka ng'ambo ya Kongo, hakukosa kanisani hata Jumapili moja, lakini kwa matete hakuwa na mzaha.

"Usikate mbele ya kutupa bunga," alikuwa akisema. "Atakukamata ku kichwa."

Siku ile nilikuwa mvivu tu, sina la kujitetea. Nilimtuma mdogo wangu Mwape, wa miaka sita. Unga nilibaki nao, nikapika uji wa mchezo na wenzangu, tukaula. Mwape alirudi jioni na kamzigo kake, miguu imejaa vipele vya mbu, anacheka.

Wiki haikuisha. Kichwa kikamuuma, mwili ukawaka moto, shingo ikakakamaa, kisha degedege. Kambo aliniuliza mara moja tu.

"Bunga ulitupa?"

"Nilitupa, Kambo."

Hakunipiga. Alikwenda ziwani kumwomba mwenye maji msamaha, bila kujua anaomba msamaha wa nini.

Homa ilimwacha Mwape, lakini maneno hayakurudi, wala mkono wa kulia. Tangu hapo namlisha mimi. Wachumba wawili walikuja kuniposa, wakamwona Mwape, wakaondoka. Wa tatu alikubali kutuoa wote wawili, Mungu amrehemu.

Juzi mjukuu wangu, ambaye ni nesi, alirudi kutoka kazini amechoka. Homa ile ya ubongo, iliyokuwa imesahaulika, imeonekana tena kando ya ziwa, na watu wanasema mtu amekamatwa na mwenye maji. Nikamsimulia habari ya unga.

"Kambo, ni mbu ndiyo inaletaka ile ugonjwa," akasema. "Bunga haingezuia kitu."

Nilidhani siku nikiambiwa hivyo nitapumua. Sikupumua. Mwenye maji nimemwogopa miaka yote hiyo bure, sawa, lakini aliyemtuma mtoto kwenye matete ni mimi, na uongo ule niliusema mimi. Nimechoka, jamani.

Jioni, nikimlisha, nilimwambia Mwape yote kwa mara ya kwanza: unga, uji, uongo. Akafungua mdomo, anangoja tonge, nami nikampa.