Sanduku la Mtoto wa Dada

Ilianza siku ya Jumatano, saa tatu ya asubuhi, dada yangu alipojifungua mtoto wa mimba ya miezi saba katika hospitali ya wamisheni hapa Dodoma. Alikuwa ameletwa kutibiwa homa tu. Mimi niliitwa kutoka darasani, kwa sababu mama mkwe wake, aliyemleta kutoka upande wa Msalato, hakujua Kiswahili, na Bibi wa Kijerumani aliyetunza wagonjwa hakujua Kigogo. Basi mimi, ambaye mwalimu akiniuliza swali natazama vidole vya miguu, ndiye nikawa mkalimani.

Mtoto alikuwa mdogo hata nikaona haya kumtazama. Mkono wake ulilingana na kidole changu, na nyayo zake zilikuwa na rangi ya majivu. Bibi hakutoa hongera. Alimzungushia pamba, akatoka, akarudi na sanduku la mbao lenye mfuniko wa matundu, na chupa nne za bia.

"Za nini hizo?" mama mkwe akaniuliza. "Anataka kunywa?"

"Sijui, mama." Na kweli sikujua.

Bibi akazijaza maji ya moto, akazivika soksi za sufu, akazipanga ndani. Akasema, "Mtoto atalala katika sanduku."

Hapo ndipo nilipokosea. Neno la Kigogo halikunijia upesi, nikaliacha lile lile: sanduku. Ningesema kikapu, labda yasingetokea yote. Kijijini kwao sanduku lilikuwa limeonekana mara moja tu, siku aliyozikwa mwalimu wa dini. Watu wengine huzikwa katika ngozi ya ng'ombe.

Mama mkwe akasimama. "Mtoto analia, naye anamtengenezea maziko! Na matundu hayo, ya kumchungulia akifa? Mwambie atupe mtoto wetu. Nitampasha moto mwenyewe, nyumbani."

Nje upepo wa baridi ulikuwa ukipeperusha vumbi, na dada alitetemeka kwa homa, hawezi hata kumpakata.

Naandika kweli: hata mimi sikumwamini Bibi. Wajerumani wenzake wa boma walikwisha kuchukua wanaume kwa kazi ya reli na ng'ombe kwa kodi, kitoto kingewashinda? Tena kila Bibi alipomgusa mtoto aliandika kitu daftarini. Nikajifanya natengeneza pamba, nikapenyeza mkono sandukuni. Mlikuwa na joto kama chini ya kuku anayeatamia. Nikagusa unyayo wa mtoto. Majivu yalikuwa yakitoka, wekundu unaingia.

"Anasema nini?" Bibi akauliza, akimwonyesha mama mkwe kwa kidevu.

"Anasema ahsante. Mtoto akae."

Nikamgeukia mama mkwe. "Bibi anasema mkimtoa, akida wa boma atawaita."

Akaketi polepole, macho kwangu. "Yeye amesema maneno mawili, wewe umenipa kumi. Hayo mengine umeyaokota wapi?"

Nikarudi kutengeneza pamba. Kutwa nzima alikaa ameegemea mlango. Dada alipokamuliwa maziwa ili mtoto adondoshewe tone tone, mama mkwe alitaka ayaonje kwanza, yasije yakawa yametiwa kitu. Bibi akamwachia. Nami nilichungulia matunduni kutazama kifua kinavyopanda na kushuka, mpaka nikafukuzwa kwenda bwenini.

Kesho yake asubuhi nilifika kabla ya kengele. Mtoto alikuwa hai, lakini mama mkwe alikwisha kukunjua nguo ya kumbebea. Akida au hakuna akida, alisema, yeye anaondoka na mjukuu wake. Nikafunua sanduku mwenyewe. Nikamkamata mkono, mimi ambaye sijapata kumkamata mtu mzima, nikauingiza mpaka kwenye nyayo za mtoto.

"Shika, mama."

Mkono hakuutoa. Ndipo nikamwambia kwamba akida hakutajwa na mtu ila mimi, nikaenda kusimama kando ya mlango, njia nikimwachia wazi.