Alichosema Mashineni

Ukitaka kumkasirisha Bibi Uzi, washa televisheni halafu umkaribishe kiti. Atakaa, maana ana adabu zake, lakini haitapita muda utamsikia akisonya. Watu wa siku hizi, atakwambia kwa sauti inayofika hadi nyumba ya tatu, wanazungumza kama waliogandishwa meno kwa gundi. Masikio yake aliyaacha kiwandani. Alifuma nguo tangu usichana wake mpaka siku mitambo ilipouzwa kama vyuma chakavu, na kelele za mitambo hiyo zilimla masikio kidogo kidogo, kama zilivyowala wenzake. Jina la Uzi alipewa hukohuko kwa ajili ya wembamba wake, na wembamba huo amezeeka nao.

Hukohuko kiwandani ndiko alikojifunza kusoma midomo. Mle ndani hata ungepiga yowe, aliye mbele yako asingesikia. Kwa hiyo wafumaji walikuwa na usemi wao: midomo wanaivuta, meno wanayaonyesha, kila neno linaundwa kinywani bila kutolewa sauti. Walipashana habari za harusi na misiba kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi wa pili. Walimsengenya msimamizi naye kasimama katikati yao, asiambulie kitu.

Mtu pekee aliyebaki wa kuzungumza naye hivyo, japo kwa kubahatisha, ni binti aliyemlea, mtoto wa marehemu mdogo wake. Huyu ni mama mtu mzima mwenye duka la fotokopi, lakini nyumbani bado wanamwita Kopo, kwa sababu alikuzwa kwa maziwa ya kopo. Mama yake alirudi kazini yeye akiwa mchanga kabisa, na kabla hajaota meno mama akafa kwa homa. Waliolitania jina hilo hawakujua kwamba linamchoma. Alivyoona Kopo, mama aliyemwacha kitoto chekundu na kurudi mashineni alikuwa amekwisha kuchagua kati yake na mashine, na aliyeachwa ni yeye. Hakuwahi kumwambia mtu. Alilibeba hivyohivyo, akaolewa nalo, akazaa nalo.

Kopo ndiye aliyemfungulia mama yake mkubwa mlango wa filamu bubu. Alichoka na ugomvi wa televisheni, akamtafutia mtandaoni, kwenye simu, picha za zamani ambazo zilikuwa zimepotea miaka na miaka, zikaokotwa maghalani na kwenye dari za nyumba mbovu, zikasafishwa na watu wa hifadhi ya filamu za kale na kuwekwa hapo kila mtu azione. Bibi Uzi alinasa. Picha zilikuwa na mikwaruzo, zikitetemeka, pembeni zimeliwa na ukungu, lakini watu wake walizungumza kwa uso mzima. Lugha yao hakuijua, ila aliwaelewa. "Huyu bwana muongo huyu," alisema akimnyooshea kidole kijana aliyepiga magoti mbele ya mchumba. "Hebu mtazame shingo!" Lakini mara nyingi simu ilipozimika aliendelea kuishika. "Wote hawa wamekufa, mwanangu," alisema siku moja. "Wamekufa na bado wanahangaika na mizigo yao."

Kisha ikaja ile ya kiwandani. Jengo la kiwanda lilibomolewa, na ndani ya chumba kilichokuwa kimezibwa kwa matofali wakakuta makopo ya chuma yaliyoshika kutu. Mwenye kiwanda alikuwa amewahi kumleta mpiga picha awapige wafanyakazi wake, bila sauti, apate kuwaonyesha wanunuzi. Watu wa hifadhi waliisafisha filamu kipande kwa kipande, wakaiweka mtandaoni. Kopo aliikuta dukani kwake, katikati ya mteja na mteja. Alimwona mwanamke kijana mwenye paji la uso kama lake, akafunga duka mchana kweupe.

Jioni ile waliitazama sebuleni, kwenye kompyuta iliyowekwa juu ya meza ya chakula. Alikuwapo mume wa Kopo, na kaka mkubwa wa mume, mtu mzito wa miwani na suti. Bibi Uzi akawekwa kiti cha mbele kabisa.

Mitambo ilipita imejipanga, vumbi la pamba likielea. Halafu akatokea mdogo wake. Alikuwa amesimama mtamboni, mkono mmoja kaubana kifuani, uso kauinua kidogo, na midomo yake ilikuwa ikisema. Alisema, akatulia, akatazama juu, akasema tena. Picha ikakatika, yakaja marobota ya nguo.

Bibi Uzi alipatambua pale. Mahali alipokuwa akielekea yule marehemu, nje kidogo ya picha, palikuwa na mtambo mwingine, na mfumaji wake alikuwa yeye mwenyewe. Yale maneno aliambiwa yeye.

"Amejikumbatia," alisema shemeji wa Kopo. "Na anatazama mbinguni. Ajabu."

Kopo aliirudisha filamu mwanzo, akamgeukia mama yake mkubwa, akaivuta midomo kama alivyofundishwa utotoni. "Mama Mkubwa, anasema nini?"

Bibi Uzi alikuwa ameyasoma yote, wazi kama maandishi ya ukutani. Lakini mkwe wake alikuwa pale, kainamisha kichwa kwa heshima, na kaka yake na miwani yake. Maneno yale hayakuwa ya kusemwa mbele ya wakwe. Akasema neno la kwanza lililomjia: "Anasema... anasema anampenda sana mwanawe. Kwamba mwanawe ndiye furaha ya maisha yake."

Wanaume wakashusha pumzi. Kopo akaitikia kwa kichwa taratibu.

Uongo ule haukukaa kimya. Kopo aliitoa picha ya mama yake kwenye filamu, akaichapa kubwa, na chini yake akaandika kwa herufi za mapambo: Mwanangu, wewe ndiye furaha ya maisha yangu. Akaitia kioo, akaitundika dukani juu ya mashine. Wateja waliisoma, wengine wakalengwalengwa na machozi. Kila Bibi Uzi alipopita pale aliona marehemu kavalishwa maneno ya kadi ya harusi, akageuza uso. Mdogo wake hakuwahi kusema maneno ya namna hiyo maisha yake yote. Angeyasikia angecheka mpaka akae chini.

Siku ambayo hapakuwa na wateja alimkuta Kopo amekaa, anaitazama picha ile, macho makavu.

"Umechoka, mwanangu?"

Kopo alimgeukia ili midomo ionekane. "Maneno mazuri, Mama Mkubwa. Wala sikulaumu. Lakini hayo kila mtu husema. Aliyenipenda namna hiyo mbona aliniacha?"

Bibi Uzi alivuta kiti. Alijua sasa kwamba alichokificha kwa aibu ndicho hasa mtoto huyu alichokuwa akikililia, na kwamba duniani hapakuwa na mtu mwingine wa kumpa.

"Washa ile filamu," alisema.

"Tumeshaiona mara..."

"Washa, nakwambia! Funga na mlango."

Kopo alifunga mlango. Mdogo mtu akatokea mtamboni, mkono kifuani, uso juu. Bibi Uzi akakigusa kile kioo cha kompyuta kwa ncha ya kidole.

"Nilikudanganya. Niliona haya mbele ya wakwe. Hakujikumbatia. Anajibana ziwa. Anasema: 'Dada, maziwa yamejaa, yananiuma, yanavuja mpaka kwenye gauni.' Umeona anavyotulia? Mimi hapo namjibu avumilie. Sasa anatazama juu. Si mbinguni. Juu ya yule mpiga picha palikuwa na taa nyekundu. Kengele tusingeisikia, kwa hiyo wakati wa mapumziko walituwashia taa. Anaitazama hiyo. Anasema: 'Taa bado? Mtoto atakuwa analia.'"

Kopo aliisogelea ile picha.

"Asingerudi kazini wangemfukuza, na baba yako alishakwenda zake. Bibi yako alikuwa anakubeba mpaka langoni. Ulinyonya hapo langoni, kila taa ilipowaka, mpaka homa ilipomlaza. Kopo lilikuja baadaye, alipokwisha kuzikwa."

"Mbona hamkuniambia?" Sauti ya Kopo ilipasuka, japo aliyekuwa mbele yake aliuona tu mdomo ukitetemeka.

"Sikujua kwamba hujui. Yalikuwa mambo ya kila siku. Nani angekaa akusimulie kwamba ulinyonya?"

Kopo aliishika meza kwa mikono miwili, akalia kwa kwikwi kama mtoto aliyecheleweshwa. Bibi Uzi hakumnyamazisha. Naye alilia, kwa mdogo wake, kwa gauni lile lililolowa, kwa miaka yote waliyolitania jina la mtoto huyu.

Mwishowe Kopo alijifuta uso, akairudisha filamu mwanzo yeye mwenyewe. Safari hii aliitazama midomo ya mama yake, akaifuata kwa midomo yake, bila sauti, neno kwa neno. Taa bado. Mtoto atakuwa analia. Picha ikakatika palepale, yakaja marobota.

"Na ilipowaka?" aliuliza.

"Ilipowaka, alikimbia."

"Alikimbia?"

"Mtambo aliuacha unazunguka vilevile," alisema Bibi Uzi. "Kila siku mimi ndiye niliyekuwa nikimzimia."