Malkia, Gustav Saba

Mvua ikipiga mabati hapa Salgaa, mimi huweka sindano chini, naacha kufuma sweta na kutega sikio. Wateja hudhani naogopa radi. Wewe acha nikuambie ukweli.

Nilisoma bweni, shule ya wasioona karibu na Kariandusi, ambako vumbi jeupe la machimbo liliingia mpaka kwenye sahani za githeri, mahindi na maharagwe yetu. Chesi tulicheza kwa vidole. Kila mchezaji alikuwa na ubao wake wenye matundu ya kuchomekea kete, na mistari yake ya wima iliitwa majina ya watu: Anna, Bella, mpaka Gustav na Hector, matundu ya kila mstari yakihesabiwa moja hadi nane. Ukisogeza kete unaitaja kwa sauti, mwenzako anarudia neno kwa neno, ndipo naye anaisogeza kwenye ubao wake. Asiporudia, bado hujacheza.

Fainali ilikuwa mimi na jirani yangu wa kitanda, msichana wa Olenguruone, sweta yake ikinuka moshi na maziwa. Mshindi angeenda Nakuru mjini kuchezea shule. Niliitaka nafasi hiyo kuliko chochote.

"Leo utalia, wewe," akaniambia.

Mara, mchezo ukiwa katikati, mvua ikamwagika juu ya mabati. Mwenzangu akasema kitu, sikusikia. Mwalimu akagonga meza. "Wacheni hapo hapo! Mtamaliza mkitoka likizo." Akafungia mbao zote mbili kabatini.

Jirani yangu hakurudi. Nimonia ilimchukua huko kwao, kwenye baridi ya Mau. Mwalimu aliponituma nitoe zile mbao, vidole vyangu vilipita juu ya ubao wake. Malkia wake alikuwa amesimama Gustav saba, na mfalme wangu hakuwa na pa kukimbilia. Mwenzangu alikuwa ameshinda. Nilimchomoa malkia yule, nikamrudisha tundu lake la zamani. Alikuwa na joto, naapa, kama kete iliyoachiliwa sasa hivi.

"Basi nafasi ni yako, mama," mwalimu akasema. Nikaenda Nakuru, nikala chipsi, nikapigiwa makofi.

Bweni lile lilishabomolewa. Kengele ya chuma, uji wa saa nne, vicheko vya kitanda cha pili, vyote vimekwenda, na vyote navitamani. Imebaki mvua. Kila ikinyesha yule msichana anasema tena, mbele yangu, na kila mwaka namsikia vizuri zaidi. Leo nimesikia yote. Kisha akangoja nirudie.

"Malkia," nikasema, "Gustav saba."

Kiti cha wateja kikasogea, kama mtu anainuka. Nikalia, kama alivyosema.