Siku Nne za Binti wa Tarishi

Ofisini walimwita Miguu, kwa sababu lifti ilikuwa imekufa zamani na yeye ndiye aliyebaki kuwa lifti. Alikuwa tarishi: apandishe mafaili ghorofa ya nne, ateremshe barua, apande tena. Mwaka wa kumi na moja huo, na bado ni kibarua.

Faili moja alilijua kwa uzito wake. Lilikuwa la sera ya likizo ya uzazi, iliyompa baba wiki mbili za kukaa na mtoto mchanga. Alilibeba meza hadi meza mpaka likatiwa saini.

Mkewe alipojifungua kabla ya wakati, Miguu alikwenda kwa mkuu wa utumishi.

"Hongera, bwana. Lakini ile ni ya wenye ajira ya kudumu. Si mimi, ndugu yangu, ni sheria."

"Sheria naijua, mkuu. Nimeibeba mwenyewe."

Mkuu akacheka. Miguu naye akacheka, akarudi kwenye ngazi zake.

Binti aliishi siku nne. Baba yake alimwona mara moja tu, saa ya chakula cha mchana, kupitia kioo cha wodi. Mtoto alikuwa amekunja ngumi kama anayegombana na mtu.

Tangu hapo Miguu akawa anasikia kichanga kikilia kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Akisimama, kimya. Akiinua mguu, kilio. Alipomweleza mkewe, mama wa watu hakusema ni wazimu.

"Analia kwa njaa au kwa hasira?"

"Kwa hasira."

"Basi ni wetu."

Miezi saba baadaye kamati iliketi kuipitia sera ile. Miguu aligawa nakala, kisha hakutoka.

"Kuna nini?" mama mwenyekiti akauliza.

"Mwanangu, mama. Humu hayumo."

Akasimulia yote akiwa wima. Mwaka uliofuata vibarua wakaingizwa: siku saba, si kumi na nne.

Mtoto wa pili alipozaliwa, Miguu alizichukua zote saba, akimpakata mchana kutwa. Siku ya nane alijaza fomu ya utumishi. Idadi ya watoto: wawili.

Mkuu akakata, akaandika mmoja. "Hii ni ya walio hai, bwana."

Miguu aliivuta fomu upande wake. Kisha akaomba kalamu.