Koti la Hedimani

Kanisani wananiambia nisamehe. Nimesamehe wengi, lakini hedimani, mnyapara wa shamba letu la Ruiru, sijamsamehe, na siku niliyomwaibisha mjini Thika naikumbuka kwa furaha kuliko siku ya harusi yangu.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nikifua na kupiga pasi nyumbani kwa mwenye shamba la kahawa. Sisi tulimwita Mgiriki. Mwenyewe alikataa: wazazi wake ndio walitoka Ugiriki, yeye alizaliwa Amerika, akapigana Vita vya Pili vya Dunia katika jeshi la Amerika, kisha akaja kurithi kahawa ya mjomba wake. Wazungu wa Thika hawakumhesabu sana. Kila Novemba, walipokusanyika uwanjani kuwakumbuka waliokufa vitani, wao walikaa vitini na wake zao, naye akasimama mwisho wa mstari wa maaskari weusi wa zamani, akiegemea fimbo kwa ajili ya mguu uliopigwa risasi.

Mimi ndiye niliyembandikia nishani zake. Zake mwenyewe kushoto. Kulia moja tu, ya mdogo wake, aliyekufa katika vita hivyo hivyo na sare hiyo hiyo. "Ya mzima kushoto, mama, ya marehemu kulia," aliniambia. Desturi hiyo aliiona kwa wajane wa Kiingereza, akaipenda. Ile ya mdogo wake aliishika kwanza kiganjani, nami nikangoja na pini mdomoni.

Aliyesimama karibu naye mstarini alikuwa kaka yangu, aliyerudi kutoka Burma na nishani mbili na kifua kibovu. Mmoja bwana, mwingine kibarua wake, lakini siku hiyo walizungumza juu ya matope na mbu kama watu waliolala handaki moja. Kaka hakuwa mtu wa kutukuza vitu. Siku moja alifungua chupa ya soda kwa nishani yake moja, yenye umbo la nyota, ncha moja ikapinda, Mgiriki akacheka mpaka akakaa chini.

Halafu serikali ikatangaza hali ya hatari, kwa sababu ya Mau Mau. Hedimani, ambaye vita vyake vyote alipigana na wanawake waliochelewa kuchuma kahawa, alikuja na walinzi wake nyumbani kwa kaka, akasema kaka amekula kiapo cha Mau Mau. Kaka akapelekwa kizuizini, na mkebe wake wa nishani ukaingia mfukoni mwa hedimani. Mgiriki alikwenda ofisi za serikali kumwombea, akarudi bure. Kaka alikufa huko kwa kuhara damu. Hatukupewa hata maiti.

Novemba iliyofuata hedimani akaniletea koti lake la khaki.

"Mama, hili lipige pasi vizuri, ni la sherehe ya Thika. Na hizi ushone hapa kifuani, zisianguke."

Akaweka nishani mbili mezani. Ncha ya nyota ilikuwa imepinda.

Alinitazama usoni, akangoja. Alijua ninazijua, na alitaka nizishone kwa mkono wangu mwenyewe. Pasi ya makaa nilikuwa nayo mkononi, na shavu lake lilikuwa karibu. Nikaitua. Kumchoma kungemfanya mtu wa kuhurumiwa, nami sikutaka mtu yeyote amhurumie.

"Nitashona, hedimani. Hazitatoka."

Nikachukua sindano ya magunia na uzi wa magunia ya kahawa. Nikapitisha uzi mpaka ndani ya bitana, fundo juu ya fundo. Nikazishona kulia.

Alipokuja kulijaribu, nilidhani atagundua. Lakini hakuwahi kusimama ndani ya mstari. Maaskari alikuwa amewaona kwa mbele tu, na ukimtazama askari kwa mbele, nishani zake ziko upande wa mkono wako wa kulia. Akajitazama katika kioo kikubwa cha Mgiriki, nazo zikaonekana upande huo huo.

"Sawasawa," akasema. "Kama jeshi kabisa."

Mgiriki alinibeba kwa lori lake, kwa kuwa siku hizo hatukuweza kwenda Thika bila kibali. Hedimani alikuwa nyuma na wengine. Mgiriki alilitazama lile koti, akanitazama mimi, akawasha gari.

Uwanjani bwana DC, mkuu wa wilaya, alipita akipeana mikono. Alipofika kwa hedimani akaona nishani kulia, akavua kofia.

"Pole sana. Ni za ndugu yako marehemu?"

"Hapana, bwana. Ni zangu mwenyewe."

DC akatupa macho mstarini, vifua vyote na nishani kushoto. Akamwuliza hedimani nambari yake ya jeshi. Askari wa zamani huitaja hata akiwa na homa. Hedimani akasema ameisahau. Kicheko kikaanzia mwisho wa mstari.

Mgiriki akajitokeza na fimbo yake. "Hizo ni za askari aliyekuwa akisimama hapa karibu nami. Ile ncha aliipinda mbele ya macho yangu. Dada yake ni yule."

DC akaamuru zitolewe. Hedimani akavuta, hazikutoka. Polisi akavuta, akamvuta na mwenyewe. Ikabidi hedimani avue koti. Alisimama na fulana yenye matundu mbele ya wazungu, Wahindi wa maduka na vibarua wake wote, huku polisi akikata khaki kwa kisu. Nilitazama kila mkato, na ulikuwa mtamu.

DC alitaka kuzitia mfukoni. Mgiriki akanyoosha kiganja, akakiacha hivyo hivyo mpaka akapewa. Akazileta akizishika kama alivyoishika ya mdogo wake, akanibandikia kulia, akanisimamisha mahali pa kaka.

Hedimani alibaki hedimani, na alinitafutia makosa kila siku. Lakini vibarua wakimwamkia walijikuna kifua, upande wa kulia.

Wiki hiyo mkewe aliniletea koti lenye tundu, akaniuliza kama nina kipande cha khaki cha rangi ile ile. Kile alichokikata polisi kilikuwa ndani ya mkebe wangu wa sindano, nyuma ya nishani za kaka, na mafundo yangu yamekishikilia. Nikamwambia sina.